Injini Kuukuu na Njia ya Balambala

Atokaye Garissa kwenda Balambala huufuata Mto Tana kuelekea juu, akapita Sankuri, na njiani hukutana na mchanga, vumbi na makorongo yanayojaa maji wakati wa mvua. Gari lipitalo huko huchukua mbuzi wa kuuzwa katika soko la mifugo la Garissa, na likirudi huchukua unga na sukari. Siku nyingine humchukua mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi, ambaye hana budi kufika hospitali kabla ya usiku kuingia. Kwa hiyo mwenye gari kuukuu amwombapo fundi amwongezee nguvu za injini, asidhaniwe kwamba anataka mchezo wa mashindano. Gari likizama mchangani na injini isiweze kulitoa, hasara haimpati yeye peke yake.

Mfano mzuri wa injini za namna hiyo ni ile ya petroli ya Land Rover, yenye silinda 4, iliyoanza kutumika mwaka 1958. Ukubwa wake ni sentimita za ujazo 2,286, na ilipokuwa mpya nguvu zake zilikuwa kama za farasi 70 na zaidi kidogo. Injini hiyo haina tabo, yaani kile chombo kisukumacho hewa ndani ya silinda kwa nguvu. Pistoni ishukapo huvuta hewa kama mtu avutavyo pumzi, na hewa hiyo huchanganyika na petroli katika kabureta. Basi nguvu zote za injini hutokana na hewa iliyoweza kuivuta, kuibana, na kuiunguza bila ya kuvuja.

Hapa ndipo wengi wakosapo. Gari lililofanya kazi miaka mingi likianza kushindwa na mchanga, mwenyewe hudhani kwamba injini ni dhaifu tangu kuumbwa kwake, kumbe nguvu zake zimeibiwa na vumbi. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipenya katika chujio la hewa, husaga ringi za pistoni na kuta za silinda mpaka silinda haina tena umbo la duara, na hewa iliyobanwa huvuja kwenda chini badala ya kuisukuma pistoni. Moshi wa buluu ndio dalili yake.

Kabla ya kufungua hata nati moja, fundi mwenye busara hupima mbano wa kila silinda kwa geji. Silinda ikionekana dhaifu, humimina ndani yake oili kama kijiko kimoja kwa tundu la plagi, kisha hupima tena. Mbano ukipanda, ringi zimelika, kwa kuwa oili imeziba nafasi iliyokuwa ikivuja; usipopanda, huenda valvu hazifungi sawasawa au gasketi ya hedi imeungua. Kipimo hicho ni cha dakika chache, nacho humwokoa mwenye gari asinunue pistoni wakati ugonjwa uko katika valvu.

Silinda zikiwa zimelika, hutobolewa upya kwa mashine na kutiwa pistoni kubwa zaidi. Watu hupenda kujisifu kwamba injini iliyotobolewa imekuwa kubwa. Ni kweli, lakini kwa kiasi gani? Kipenyo cha silinda ya injini hiyo ni milimita 90.47. Kikiongezwa milimita 1, injini huongezeka ukubwa kama sehemu 2 tu kwa mia. Faida ya kutoboa ni kule kurudisha duara na mbano, wala si ule ukubwa.

Tamaa ya pili ni kukata hedi kwa mashine ili hewa ibanwe zaidi. Injini za kwanza za Land Rover hiyo zilibana hewa mara 7, na za baadaye mara 8. Kwa hesabu ya wataalamu, kutoka 7 hadi 8 huleta nyongeza ya sehemu 4 hivi kwa mia. Si haba, lakini ina gharama yake, na gharama hiyo huonekana zaidi katika nchi ya joto.

Jambo hili linataka kuelezwa vizuri, kwa maana wenye magari wengine hupeleka injini zao kutobolewa na kurekebishwa Nairobi. Mji wa Nairobi uko juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, na Garissa kwa mita 150 tu. Hewa ya juu ni nyepesi. Hata joto kali la Garissa likihesabiwa, injini ikiwa huko huvuta hewa nzito kuliko ya Nairobi kwa zaidi ya sehemu 10 kwa mia. Kwa hiyo injini iliyokatwa hedi yaweza kwenda kimya kabisa Nairobi, lakini ikishuka Tana, ikibeba mzigo mchangani kwa mwendo mdogo, ikaanza kugonga kama misumari itikiswayo ndani ya mkebe. Mgongo huo ni petroli inayolipuka ovyo, nao hutoboa pistoni. Tena, kama kabureta imetiwa jeti ndogo ili kuifaa hewa nyepesi, huku chini petroli haitoshi, moto huzidi ukali, na valvu za moshi huungua. Gari litakalofanya kazi Balambala lirekebishwe kabureta na wakati wa cheche huku huku, likiwa limebeba mzigo wake wa kawaida.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa zamani hawakulihitaji. Petroli ya siku zao ilitiwa madini ya risasi, ambayo yalilinda viti vya valvu. Nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiacha petroli hiyo kwa sababu ya madhara yake kwa afya, hasa ya watoto, na ilipofika Januari 2006 ilikuwa imekwisha kuachwa. Hedi ikifunguliwa, basi, yafaa valvu za moshi zitiwe viti vya chuma kigumu. Wakati huo huo fundi hulainisha njia za hewa na kuhakikisha kwamba gasketi haizibi ukingo wa tundu. Kazi hiyo haigharimu ila mikono na saburi, na injini hupumua vizuri zaidi.

Kamshafti ya mashindano isitiwe. Hutoa nguvu injini izungukapo mbio sana, hali mchanga unataka nguvu za chini. Hata katika mashindano yenyewe, uvumilivu ulishinda: katika Safari Rally ya mwaka 1963, na tena ya 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho, na mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404, gari lisilokuwa na tabo.

Wenye Land Cruiser za dizeli zenye injini ya 1HZ, iliyotoka mwaka 1990, huona jambo rahisi kuifungia tabo. Wakumbuke kwamba injini hiyo hubana hewa zaidi ya mara 22, kwa kuwa iliundwa ivute pumzi yake yenyewe. Kiwanda kilipotaka injini ya ukubwa huo huo yenye tabo, kiliibadili pistoni, mbano na namna ya kunyunyiza mafuta.

Injini iliyofanywa upya isipewe mzigo mzito katika kilomita 1,000 za kwanza, na oili ya kwanza imwagwe mapema, kwa sababu hubeba unga wa chuma. Bakuli la chujio la hewa, lile la kutiwa oili, lifunguliwe jioni baada ya kila safari ya vumbi. Tope likionekana chini yake, lisafishwe na kutiwa oili mpya hadi alama, kisha mpira uendao kwenye kabureta ukaguliwe kama una ufa.