Darasa la Mtandao Lisiwe Kabati

Kumfundisha mtu aliye mbali na mwalimu si jambo geni katika nchi yetu. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya "Mtu ni Afya", ambayo iliwakusanya wananchi wapatao milioni mbili kuizunguka redio vijijini mwao. Redio ilikuwa moja, na sauti ilitoka mbali. Lakini kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake aliyefunzwa kazi hiyo, na viongozi hao walikuwa kiasi cha 75,000 nchi nzima. Kipindi kilipokwisha, kiongozi aliuliza maswali, watu wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Taifa likajifunza kwamba chombo hakifundishi peke yake.

Tunayakumbusha hayo kwa sababu shule na vyuo vyetu sasa vimepata chombo kingine, nacho ni darasa la mtandao. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilianza kazi yake kwa vitabu vya kozi na kwa mitihani iliyofanyika katika vituo vya mikoa. Leo wanafunzi wake husoma pia kwa mfumo wa kompyuta uitwao Moodle, uliobuniwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa rasmi mwaka 2002. Mfumo huo hauna ada ya leseni, na kwa hiyo hata chuo chenye fungu dogo chaweza kuutumia. Aidha, Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao ili mwanafunzi avisome bila malipo.

Hatua hizo ni za kupongezwa. Mwezi Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, tulijionea wenyewe gharama ya kutojiandaa. Vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa tarehe 1 Juni, na shule nyingine tarehe 29 Juni mwaka huo huo. Katika miezi hiyo mwanafunzi ambaye shule yake haikuwa na njia ya kumfikia alibaki na daftari lake la zamani tu. Hatutaki jambo hilo litukute tena.

Hata hivyo, ni wajibu wetu kusema kweli. Pako mahali ambapo darasa la mtandao limegeuzwa kuwa kabati. Mwalimu huweka humo kurasa mia za maelezo, akafunga mlango, akahesabu kwamba amefundisha. Mwanafunzi huuliza swali siku ya Jumatatu, na wiki mbili zikapita bila jibu. Zoezi husahihishwa na mashine, naye akaambiwa kwamba amekosa bila kuelezwa amekosea wapi. Huko si kumsaidia mwanafunzi. Ni kuyahamisha makaratasi kutoka rafuni na kuyapeleka ndani ya simu.

Sisi tuliopitia chuo cha Kurani kabla ya kuingia shule ya msingi tunakumbuka kwamba kila mtoto alisoma sehemu yake mwenyewe mbele ya mwalimu. Aliyekwama alirudishiwa somo lile lile, na mwanafunzi mkubwa alimsomesha mdogo. Hapakuwa na wa kujificha katikati ya wengi. Ajabu ni kwamba chombo hiki kipya chaweza kufanya vivyo hivyo kwa wanafunzi mia tatu. Ndani yake imo orodha inayomwonyesha mwalimu nani amefungua somo, nani hajaonekana tangu muhula uanze, na nani amerudia zoezi moja mara tano bila kufaulu. Orodha hiyo ndiyo hazina kubwa kuliko yote iliyomo humo. Lakini itafaa nini ikiwa hakuna aifunguaye?

Tukumbuke pia kwamba mwanafunzi asiyeonekana katika orodha hiyo si lazima awe mvivu. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Huenda hana simu, au simu ni ya baba na hurudi nyumbani usiku. Huenda bando limekwisha kwa kutazama somo moja la picha, au kijijini kwao mtandao hupatikana juu ya kilima tu. Chuo kikiweka masomo yote katika mtandao na kumwachia kila mmoja ajitafutie njia ya kuyafikia, kitakuwa kimewapa nafasi wenye nacho na kuwafungia mlango wasio nacho. Elimu ya namna hiyo huongeza tofauti ambayo ilikusudiwa kuipunguza.

Kwa hiyo tunayo mapendekezo machache, na hakuna hata moja linalongoja fedha za wafadhili. Kwanza, masomo yaandaliwe yakiwa mepesi. Maandishi na sauti vitangulie, picha za video ziwe nyongeza, na mwanafunzi afundishwe kuyapakua akiwa mahali penye mtandao ili ayasome baadaye bila mtandao. Pili, vyumba vya kompyuta visifungwe saa tisa na nusu alasiri, saa ambayo mwanafunzi ndiyo kwanza anatoka darasani. Tatu, saa ambazo mwalimu anajibu maswali ya mtandaoni zihesabiwe kuwa saa za kazi, maana si haki kumtaka afanye kazi ya pili usiku na kuiita hiari. Nne, wanafunzi wapangwe katika vikundi vidogo, kila kikundi na kiongozi wake, kama ilivyokuwa enzi ya redio, ili asiye na simu asome pamoja na mwenye nayo. Tano, makampuni ya simu, ambayo mapato yao hutoka kwa wananchi hawa hawa, yakubaliane na Serikali ili masomo ya shule na vyuo yafunguliwe bila kukata bando.

Wakuu wa shule na vyuo vya mkoa huu hawana haja ya kungoja waraka. Wiki hii kila mmoja amwite mwalimu wake mmoja, waifungue orodha ile pamoja, wayaandike majina ya wanafunzi ambao hawajaonekana kwa mwezi mzima, kisha wawatafute mmoja mmoja na kuwauliza kilichowazuia. Majibu yatakayopatikana ndiyo yawe mpango wa kazi wa muhula ujao.