Udongo wa Ruiru na Viti vya Pweza vya Malindi

Mvua kubwa ikinyesha, Mto Ruiru hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Udongo ule una safari ndefu. Ruiru humwaga maji yake katika mfumo wa Mto Athi, nao Athi ukishapita Tsavo huitwa Galana, halafu Sabaki, hadi uingie Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya Malindi. 

Huko pwani huishi viti vya pweza, wanyama wa bahari wenye umbo la nyota. Vile vikubwa vyenye nundu nyekundu hukaa peupe kwenye nyasi za bahari, na ndivyo watalii hupenda kuvipiga picha. Vidogo huhitaji subira. Vya jamii ya Aquilonastra, vingi vikiwa na upana wa sentimita chache tu, hujificha chini ya mawe na vipande vya matumbawe. Maji yakipwa, ukiinua jiwe taratibu waweza kukiona kimoja kimeng'ang'ania upande wa chini, rangi yake imefanana na mwamba.

Hakina ubongo wala damu. Maji ya bahari ndiyo yanayosukumwa ndani ya mirija yake na kuendesha mamia ya miguu laini iliyojipanga chini ya mikono. Kikitaka kula, hutoa tumbo nje kupitia mdomoni na kulitandaza juu ya utando wa mwani. Ndugu yake, Linckia multifora, ana ajabu kubwa zaidi: mkono uliokatika peke yake huota mwili mpya na mikono mingine.

Lakini mnyama wa namna hii hastahimili maji matamu ya mafuriko, na matope yakitua huziba mianya anamojificha. Watafiti waliochunguza tumbawe la Malindi lenye miaka 300 hivi walikuta dalili za udongo wa mtoni zikiongezeka sana baada ya 1908, enzi walowezi walipokuwa wakifyeka nyanda za juu.

Hifadhi za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968, na kuokota viumbe humo ni marufuku. Askari wa hifadhi, hata hivyo, hawezi kuyakamata matope. Hayo huzuiwa huku juu, na mkulima wa Ruiru anayechimba matuta na kupanda ukingoni mwa shamba lake nyasi za napia, ambazo pia huwalisha ng'ombe wake.