Injini kubwa ya boti: Faida au hasara delta ya Rufiji?

Katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, gari la mfanyabiashara ni boti. Kaa, kamba, mchele na nazi kutoka vijiji vya visiwani na kandokando ya mito hupita majini hadi Nyamisati, kisha hupanda gari kuelekea Kibiti na Dar es Salaam. Kwa hiyo mwenye boti anapopata fedha kidogo, wazo la kwanza huwa kuiuza mashine ya nguvu farasi 15 na kufunga ya 40. Wengi hufanya hivyo kwa kuona jirani amefanya. Wachache hupiga hesabu kwanza.

Uamuzi huo unategemea mambo manne: umbo la chombo, aina ya mzigo, idadi ya safari na ukaribu wa fundi.

Chombo kwanza, injini baadaye

Boti inayokwenda huku imezama majini ina ukomo wa mwendo unaotokana na urefu wake. Yenye urefu wa mita 10 pale inapogusana na maji hufikia kama noti 7.7, yaani kilomita 14 kwa saa. Zaidi ya hapo huanza kupanda wimbi lake yenyewe, na kila nguvu inayoongezwa hugeuka kuwa mawimbi na moshi.

Boti ya faiba yenye tako pana na mzigo mwepesi huvuka ukomo huo kwa kuinuka na kuteleza juu ya maji. Hapo mashine kubwa huonyesha kazi yake. Mashua ya mbao yenye tumbo la mviringo, au boti ya faiba iliyojaa magunia, haiinuki.

Hesabu ya safari moja

Chukua mfano wa safari ya kilomita 24, boti ya faiba ya mita 10, na petroli ya Sh 3,000 kwa lita. Mashine ya 15 tuseme inakunywa lita 6.5 kwa saa ikifunguliwa yote. Ya 40 inakunywa lita 18.

Mzigo mwepesi: Ya 15 inakwenda kilomita 12 kwa saa. Inatumia saa 2 na lita 13. Ya 40 inainua boti hadi kilomita 24 kwa saa. Inatumia saa 1 na lita 18. Tofauti ni lita 5, sawa na Sh 15,000, na saa nzima imeokolewa.

Mzigo mzito: Ya 15 inakwenda kilomita 10 kwa saa. Inatumia saa 2 na dakika 24, na lita 16 hivi. Ya 40 inakwama kwenye kilomita 14 kwa saa. Inatumia saa 1 na dakika 43, na lita 31. Tofauti ni lita 15, sawa na Sh 45,000, kwa dakika 41 tu.

Ni mashine ileile na njia ileile, lakini dakika moja iliyookolewa kwa mzigo mzito imegharimu zaidi ya mara nne ya ile ya mzigo mwepesi.

Kaa na kamba wana haraka, kwani kaa akifa bei hufa naye, na kamba hupoteza bei kadiri barafu inavyoyeyuka. Mchele na nazi hazina haraka. Mwenye biashara ya kaa ana sababu ya kununua ya 40. Mwenye kubeba magunia abaki na ndogo na kuangalia ratiba ya maji.

Mwenye ya 40 tayari naye asiifungue yote anapobeba mzigo mzito. Kupunguza mwendo kidogo tu karibu na ukomo wa chombo hupunguza mafuta kwa kiasi kikubwa. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi, hivyo hesabu hii irudiwe kila zinapobadilika.

Mipigo miwili au minne?

Injini ya mipigo miwili kama Yamaha Enduro, ambayo oili huchanganywa na petroli, ni nyepesi, ina vipuri vichache, na fundi wa pwani huifungua kwa spana za kawaida. Mchanganyiko wa kawaida ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, yaani mililita 400 kwa galoni la lita 20. Oili ikizidi, plagi huchafuka. Ikipungua, pistoni huganda.

Ya mipigo minne haichanganywi oili na hutumia petroli kidogo zaidi. Ila ni nzito, bei yake iko juu, hudai kubadilishwa oili kwa wakati, na za kisasa zina umeme mwingi ambao si kila fundi anaujua. Yafaa kwa anayesafiri kila siku na aliye karibu na fundi. Uzito wake uangaliwe na tako la boti, maana ubao dhaifu hupasuka.

Tope, chumvi na spea

Maji ya delta yana tope na mchanga, na matope hula impela ya pampu ya maji. Ule mchirizi unaotoka ubavuni mwa mashine ukipungua, zima mara moja. Baada ya kazi, mashine ioshwe kwa maji baridi. Impela, plagi na rafadha ya akiba viwe ndani ya boti, kwa kuwa mizizi ya mikoko na mafungu ya mchanga hayana taarifa.

Umbali wa karakana si jambo jipya huku. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Ujerumani, Königsberg, ilijificha katika delta hii ikiwa na hitilafu, na vipande vya mitambo yake vilibebwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa. Mwaka 1915 ilizamishwa humohumo.

Fedha zitarudi lini?

Tuseme mashine mpya na ufungaji ni Sh 10,000,000, na kila safari inaongeza faida ya Sh 25,000 baada ya mafuta. Kwa safari 12 kwa mwezi ni Sh 300,000, na mtaji unarudi baada ya miezi 34. Kwa safari 20 ni Sh 500,000, na unarudi kwa miezi 20. Matengenezo hayajatolewa hapo. Siku za maji mafu, vijito vingine havipitiki na mzigo, hivyo safari zihesabiwe kwa kalenda ya bamvua, si kwa matumaini.

Anayenunua iliyotumika adai risiti, alinganishe namba ya mashine na karatasi, na apime mgandamizo wa kila silinda. Silinda mbili zikitofautiana sana, bei rahisi hiyo ni deni.

Kwa mwenye mtaji mdogo, kanuni ni fupi: pima mzigo, hesabu safari, ndipo uulize bei ya mashine.