Spageti isiende mezani peke yake



Siku moja, saa nne asubuhi, mtoto alikuwa anasinzia darasani. Nikamuuliza: «Jana usiku ulikula nini?» Akajibu kwa furaha: «Spageti, madamu!» Na nini? «Na mafuta.»

Mama yake hakukosea kununua spageti. Gramu 100 za spageti kavu zina protini karibu gramu 12. Unga wa muhogo una gramu 1 au 2 tu. Lakini protini ya ngano peke yake haitoshi kumkuza mtoto. Inahitaji mwenzake: samaki, maharagwe, mayai au nyama.

Wenye chakula hiki wanajua hivyo tangu zamani. Mji wa Bologna, kule Italia, unasifika kwa mchuzi wake. Mwaka 1891 Pellegrino Artusi aliuandika katika kitabu chake cha upishi: nyama ya ndama, kitunguu, karoti, bila tomati. Mwaka 1982 mapishi ya Bologna yaliandikishwa rasmi mjini humo, yakiwa na nyama ya ng'ombe, tomati na maziwa. Tena kwao mchuzi huo unaliwa na tambi pana za mayai, si spageti. Tambi zinashibisha, mchuzi unajenga mwili.

Sisi hapa Kolwezi nyama ni bei kali, lakini ndakala ziko sokoni. Ndakala kavu zina protini zaidi ya gramu 50 kwa gramu 100, na ukizila na mifupa yake unapata kalisi ya meno na mifupa.

Kwa watu 5: pakiti moja ya spageti (gramu 500), ndakala glasi mbili, tomati 6, vitunguu 2, karoti 2, fungu la lenga-lenga, mafuta vijiko 3.

Osha ndakala kwa maji ya moto, zikaange kidogo. Tia vitunguu, karoti, kisha tomati 5. Acha ziive mpaka mchuzi uwe mzito. Mwishoni tia lenga-lenga na ile tomati moja iliyobaki. Vitamini C yake haitapotea yote motoni, nayo inasaidia mwili kupokea chuma cha mboga.

Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,400. Maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi. Kwa hiyo ongeza dakika chache kuliko zilizoandikwa kwenye pakiti.

Ndakala zikikosekana, tia maharagwe yaliyoiva. Mama mwenye namna yake, atuelezee kwenye mkutano wetu.