Vilima vya Johannesburg Vinapojaa Watu

Jumapili asubuhi, kabla jua halijawa kali, magari hupangana pembeni mwa barabara za Northcliff na Melville, mitaa iliyo kaskazini-magharibi mwa katikati ya jiji la Johannesburg. Wanaoshuka wamevaa buti na kofia, na migongoni wamebeba vibegi vyenye mrija wa maji. Wapo waliotoka Soweto kwa kombi ya kukodi, nauli wakiwa wamechangiana kupitia kundi la WhatsApp. Punde wako juu ya mawe, wanapigana picha, na mnara wa Hillbrow unaonekana kwa mbali nyuma yao.

Jiji hili la dhahabu limejengwa juu ya safu za miamba. Kilele cha Northcliff kina mita 1,807 kutoka usawa wa bahari, ingawa wakazi wengi hukipita kila siku wakienda kazini bila kukitazama mara mbili. Kwa miaka mingi kutembea vilimani kulionekana kuwa starehe ya Wazungu, na hilo halikutokea kwa bahati tu. Chama cha Wapanda Milima cha Afrika Kusini kilianzishwa mwaka 1891, lakini sheria ya mwaka 1953 ya kutenganisha huduma za umma kwa rangi iliwafungia Waafrika bustani, fukwe na sehemu nyingi za mapumziko. Haikufutwa hadi mwaka 1990.

Mambo yaligeuka polepole. Mwaka 2003 Sibusiso Vilane alifika kilele cha Everest, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 2019 akafuata Saray Khumalo, mzaliwa wa Zambia anayeishi Johannesburg, mwanamke mweusi wa kwanza wa Afrika kukikanyaga kilele hicho. Kila Julai, msafara wa Trek4Mandela huwapeleka Waafrika Kusini Kilimanjaro kuchangisha fedha za taulo za kike kwa wanafunzi. Habari hizo zilifika sebuleni kwa watu ambao hawakuwahi kudhani kwamba mlima ni wao pia.

Kisha ikaja korona. Kuanzia tarehe 1 Mei 2020, baada ya wiki tano za kufungiwa ndani, serikali iliruhusu mazoezi ya nje kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, umbali usiozidi kilomita 5 kutoka nyumbani. Maduka makubwa, ambayo ndiyo uwanja wa mapumziko wa Johannesburg, hayakuwa tena mahali pa kupitishia siku. Watu wakatazama karibu yao, wakaona vilima. Masharti yalipoondolewa, wengi hawakurudi tena kwenye kochi.

Vilima, kwa upande wao, havikujengwa kupokea umati. Udongo wake ni haba, umetandazwa juu ya mwamba mgumu wa kwatzaiti, na nyasi za nyanda hizi za juu huweka sehemu kubwa ya uhai wake chini ya ardhi, kwenye mizizi na vitunguu vinavyostahimili moto na baridi ya Julai. Moto hauviui. Kinachoviua ni kukanyagwa kila wiki mahali palepale.

Ukitazama kwa karibu, kazi ya buti ni rahisi kuifuatilia. Nyayo zinapofuatana, udongo hushindiliwa na vitundu vya kupitisha hewa na maji huziba. Mvua za Johannesburg hunyesha miezi ya joto, kati ya Oktoba na Aprili, nyingi zikiwa za radi za alasiri zinazomwaga maji mengi kwa muda mfupi. Maji yakikuta ardhi iliyoshindiliwa hayazami. Hukimbia na kuigeuza njia kuwa mfereji. Mtembezi wa kesho yake anakuta tope katikati, anakwepa na kukanyaga nyasi za ukingoni. Anayemfuata anakwepa zaidi. Msimu ukiisha, njia iliyomtosha mtu mmoja imepanuka kama ya gari, imechimbika katikati hadi mawe yako wazi, na pembeni yake vimezaliwa vijia viwili vitatu vya mkato.

Wataalamu wanaochunguza athari za watalii porini wamegundua jambo linalopingana na hisia za kawaida. Madhara makubwa hutokea mwanzoni kabisa. Mamia machache ya nyayo za kwanza hufyeka uoto mwingi, halafu kasi ya uharibifu hupungua kwa sababu hakuna tena mengi ya kuharibu. Kwa hiyo watu elfu moja kwenye njia moja iliyojengwa vizuri wanaweza kudhuru kidogo kuliko watu mia moja waliotawanyika, kila mmoja akitafuta pembe yake ya kupigia picha.

Johannesburg ina sababu nyingine ya kutoogopa wingi wa watu. Kwa muda mrefu vilima vyake vimekuwa na sifa ya uporaji: mtembezi wa peke yake hunyang'anywa simu na saa, wakati mwingine kwa kisu. Ndiyo maana watu hutembea kwa makundi, na ndiyo maana makundi hukutana siku ileile, saa ileile, kwenye njia ileile. Umati unaochakaza njia ndio huohuo unaoilinda. Kilima kisicho na watembezi hakibaki pori safi. Mara nyingi hugeuka dampo na maficho.

Melville Koppies inaonyesha vizuri mvutano huo. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1959, na ni moja ya mabaki machache ya sura ya eneo hili kabla dhahabu haijagunduliwa mwaka 1886. Mwaka 1963 mwanaakiolojia Revil Mason alifukua hapo tanuri la kuyeyushia chuma, ushahidi kwamba wafua chuma wa Kiafrika walifanya kazi kilimani humo karne nyingi kabla ya wachimba dhahabu. Sehemu ya kati ina uzio na hufunguliwa kwa ratiba, wageni wakiongozwa na watu wanaojitolea. Sehemu za mashariki na magharibi ziko wazi. Upande wa magharibi, waumini wa makanisa huru ya Kiafrika hukusanyika kusali kwenye mawe, wengi wakiwa na kanzu nyeupe, na duara za udongo mtupu huonyesha mahali wanaposimama. Nao ni watumiaji wa kilima kama mwenye buti, na baadhi yao walimtangulia.

Wanaotaka nafasi zaidi huelekea milima ya Magaliesberg, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, ambayo UNESCO iliitambua kama hifadhi ya bayosfia mwaka 2015. Baadhi ya mabonde yake membamba yenye maji ya kuogelea yanamilikiwa na chama kile cha wapanda milima, na huingii bila kibali. Kwenye majabali yake hutaga tumbusi wa Cape, ndege anayetaga yai moja tu kwa mwaka. Wageni wenye kelele wakimfukuza kiotani, mwaka huo umepotea.

Mbali zaidi, mwendo wa saa nne au tano, ni Drakensberg. Kundi la Johannesburg linaloondoka Ijumaa jioni linaweza kuwa chini ya kilele cha Sentinel Jumamosi asubuhi, likipanga foleni kwenye ngazi za minyororo zilizotundikwa ukutani mwa jabali. Juu, kwenye uwanda wa mita 3,000 hivi, hakuna vyoo. Mahema hupigwa karibu na kijito cha Tugela kabla hakijaporomoka bondeni, na karatasi za chooni huchungulia chini ya mawe.

Maji hayo hayaishii mbali na walioyachafua. Tangu mwaka 1974 mradi wa Tugela–Vaal husukuma maji ya mto huo kupanda upande wa pili wa milima hadi bwawa la Sterkfontein, ambako huweza kufunguliwa kuingia mto Vaal, chanzo kikuu cha maji ya Johannesburg. Husafishwa kabla ya kufika bombani, bila shaka, lakini mpiga kambi anayejisaidia kando ya kijito yuko kwenye chanzo cha maji ya jiji lake mwenyewe.

Tiba zinajulikana. Kilimanjaro, inayopokea makumi ya maelfu ya wapandaji kwa mwaka, haimruhusu mgeni kupanda bila kiongozi mwenye leseni, na kila anayeingia hulipa ada na kuandikishwa getini. Njia ya Otter kwenye pwani ya kusini mwa Afrika Kusini, iliyofunguliwa mwaka 1968, huruhusu watu 12 tu kuanza safari kila siku, na nafasi hujaa miezi mingi kabla. Njia hiyo imebaki nzuri. Imebaki pia ya wenye kuweza kupanga likizo mwaka mzima mapema na kuilipia.

Hilo ndilo gumu kwa Johannesburg. Afrika Kusini ni nchi ambayo hadi mwaka 1986 Mwafrika alitakiwa kubeba pasi ili awepo mjini. Kumwambia mjukuu wake kwamba sasa anahitaji kibali cha kupanda kilima si jambo la kiutawala tu. Hifadhi ya Klipriviersberg, kusini mwa jiji na si mbali na Soweto, haina kiingilio. Ndani yake kuna pundamilia, nyumbu weusi na magofu ya kuta za mawe yaliyoachwa na Watswana, na njia za miguu hupita kando yake. Kuta hizo zilijengwa bila saruji, kwa hiyo kila anayezikalia kupumzika huweza kuangusha jiwe. Kinachohitajika hapo ni alama zinazoeleweka, ngazi za mawe kwenye miteremko, matuta ya kuchepusha maji njiani, na viongozi wa makundi ya WhatsApp wanaowaambia watu wao mapema wapite katikati ya tope na wasikae juu ya kuta. Kazi hizo hugharimu fedha na mikono, na kwa sasa sehemu kubwa ya mikono hiyo, kwenye vilima vingi vya jiji, ni ya watu wanaojitolea.