Kabla ya kupandisha faini, tuhesabu sekunde za taa ya njano

Lori linalotoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali husafiri karibu kilomita 1,500, na njiani mambo mengi hubadilika. Fedha hubadilika, karatasi za forodha hubadilika, na likishavuka mpaka wa Rusumo hata upande wa barabara hubadilika. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto. Rwanda, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Sudan Kusini na Somalia huendesha kulia. Kitu kimoja hakibadiliki popote ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki: taa nyekundu maana yake ni simama.

Hata hivyo, amri hiyo fupi hupuuzwa kila siku. Katika miji yetu mikubwa bodaboda wengi hupita nyekundu kana kwamba haiwahusu. Daladala na matatu huunga mkia wa gari lililotangulia hata baada ya kijani kuzimika. Usiku unapoingia, wapo wanaomwona anayesimama mataani peke yake kuwa mshamba.

Kwa mfanyabiashara wa mipakani, gharama ya mchezo huo ni kubwa. Ajali moja kwenye makutano inaweza kuua mtu, na hasara hiyo haina fidia. Inaweza pia kuacha shehena ya nyanya au ndizi ikioza juani, gari likishikiliwa kwa ukaguzi na dereva akitoa maelezo kituoni katika nchi isiyo yake. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo wengi hukata kabla ya kuvuka mpaka, ni bima ya madhara kwa watu wengine. Mzigo wako mwenyewe haumo. Ndiyo maana suala la taa nyekundu si la trafiki peke yao.

Dawa inayotajwa kwanza kila mara ni kupandisha faini. Wataalamu wa barabara huanzia mahali pengine. Huuliza kwanza: nani anapita nyekundu, na kwa nini?

Wavunjaji wa aina mbili

Wapo wanaoiona taa nyekundu vizuri kabisa na kuamua kupita. Hao dawa yao ni kukamatwa. Lakini lipo kundi la pili, nalo ni la madereva walionaswa katikati: njano imewaka wakiwa karibu mno kusimama na mbali mno kuwahi kupita.

Hesabu yake ni rahisi. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde moja kutambua njano, kisha akafunga breki kwa kiasi cha kawaida, atahitaji takriban mita 62 hadi kusimama. Sasa tuchukue taa ambayo njano yake hudumu sekunde 3. Katika muda huo gari hilo hukata mita 50 tu. Dereva aliyekuwa mita 55 kutoka kwenye mstari hawezi kusimama salama, wala hawezi kufika kwenye mstari kabla ya nyekundu. Taa imemfanya mkosaji kabla hajakosea.

Njano hiyo ikiongezwa ikawa sekunde 4, gari hukata mita 67, na mtego huo unatoweka. Kwa kanuni inayotumiwa na wahandisi wengi, mwendo wa kilomita 50 kwa saa unahitaji njano ya sekunde 3.3 hivi, kilomita 60 sekunde 3.7, na kilomita 80 sekunde 4.6.

Hesabu hizo ni za gari dogo. Lori lenye breki za upepo huchelewa kidogo kushika, na dereva mwenye shehena ndefu ya mabati au nondo hathubutu kukanyaga breki ghafla, asije akaletewa mzigo mgongoni. Sheria ya Jumuiya ya udhibiti wa uzito wa magari inaruhusu hadi tani 56 barabarani. Taa iliyopangwa kwa kufikiria teksi haiwezi kulitendea haki lori la uzito huo, hasa kwenye mteremko.

Sekunde moja inabadilisha nini?

Jibu lilipatikana Philadelphia, Marekani. Watafiti walichagua makutano mawili, wakaongeza njano kwa takriban sekunde moja, wakahesabu. Kupita nyekundu kulipungua kwa asilimia 36, bila askari wala faini mpya. Baadaye zikafungwa kamera, na uvunjaji uliokuwa umebaki ukapungua kwa asilimia 96.

Mpangilio wa kazi hiyo ndio somo. Kwanza taa ilirekebishwa, kisha adhabu ikafuata. Waliobaki kukamatwa wakawa wengi wao ni wale waliokusudia.

Ipo pia sekunde nyingine muhimu, ile ambayo pande zote za makutano huwa nyekundu kwa pamoja kabla ya upande mmoja kupewa kijani. Haimzuii mkaidi, lakini humpa aliyechelewa nafasi ya kutoka katikati kabla bodaboda wa upande wa pili hawajachomoka.

Mafahali wawili zizi moja

Sehemu ya tatizo letu imo katika mazoea. Asubuhi na jioni, Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, si ajabu kumkuta askari akiyaita magari yapite huku taa ikiwa nyekundu, na kuyazuia huku ikiwa kijani. Kisheria amri ya askari iko juu ya taa, na mara nyingi huwa anajitahidi kupunguza foleni. Lakini dereva anayefundishwa kila siku kwamba nyekundu inaweza kupitwa hujifunza somo hilo vizuri, na hulikumbuka hata askari akiwa ameondoka.

Njia nzuri ni kuifanya taa yenyewe ijue foleni ilipo, kwa vihisi vinavyohesabu magari na kugawa muda wa kijani kulingana na wingi wake. Taa hizo zinahitaji umeme wa uhakika au betri za jua, maana taa iliyozimika huua heshima ya taa nzima. Kinshasa ilijaribu njia yake tangu mwaka 2013, iliposimamisha kwenye makutano roboti kubwa zenye umbo la binadamu, zinazotumia nguvu ya jua na kamera, zilizobuniwa na mhandisi Thérèse Izay. Watu walizishangaa, lakini kazi yake ilikuwa wazi: roboti haichoki na haipokei chochote mkononi.

Kamera zinasaidia, kwa masharti

Taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, ililinganisha miji mikubwa ya huko na kukuta kwamba yenye kamera za taa nyekundu ilikuwa na vifo vinavyotokana na kosa hilo pungufu kwa asilimia 21. Miji iliyozima kamera zake ilikuwa na vifo vya aina hiyo zaidi kwa asilimia 30 kuliko ambavyo vingetarajiwa kama ingeendelea nazo.

Lakini kamera isiyoaminika hudumu muda mfupi. Chicago, ofisa wa zamani wa jiji alihukumiwa mwaka 2016 kifungo cha miaka 10 kwa kupokea hongo kutoka kwa kampuni iliyokuwa ikiuza kamera hizo. Na hapa kwetu, Uganda ilianza kutoza faini za barabarani kwa mfumo wa kamera Juni 2025, ikausitisha baada ya siku chache kutokana na malalamiko ya wananchi.

Mambo manne yangepunguza manung'uniko. Kibao kiweke wazi kwamba mbele kuna kamera. Picha ioneshe gari, taa na saa. Anayepinga awe na mahali pa kusikilizwa. Na faini iwe ya kiasi kinacholipika lakini isiyokwepeka, kwa kuwa dereva huogopa zaidi adhabu ndogo ya hakika kuliko kubwa ya kubahatisha.

Kwa magari yenye namba za kigeni, la tano linahitajika: kosa lijulikane kabla ya gari kufika mpakani. Mwenye lori asigundue deni akiwa kwenye dirisha la forodha, mzigo ukiwa juu na siku za kukaa zikihesabiwa.

Panapowezekana, ondoa taa

Kuna makutano ambayo hayahitaji taa kabisa. Kipilefti humlazimisha kila dereva kupunguza mwendo, na magari yakigongana huwa ni kwa pembeni, mara chache ubavuni kwa nguvu. Kwa hesabu za IIHS, kubadili makutano ya kawaida kuwa vipilefti hupunguza ajali za majeruhi kwa asilimia 72 hadi 80. Kwa njia zetu za mizigo, kipilefti lazima kiwe na ukingo wa ndani ambao tela linaweza kuukanyaga.

Pale magari yanapokuwa mengi kupita kiasi, barabara ya juu hutenganisha njia. Dar es Salaam ilifanya hivyo Tazara mwaka 2018 na Ubungo mwaka 2021. Ujenzi huo ni wa mabilioni, na hauwezi kufanyika kila makutano. Kurekebisha sekunde za njano ni kazi ya fundi na kisanduku cha taa.

Wewe mwenye mzigo

Mfanyabiashara naye ana sehemu yake. Anayemlipa dereva kwa wingi wa safari, au kumpigia simu kila nusu saa akiuliza yuko wapi, anamsukuma kwenye nyekundu bila kutamka neno. Panga muda wenye akiba ya foleni za mjini. Mweleze dereva kwamba kijani alichokikuta kimewaka tangu mbali ni kijani kilichozeeka. Aondoe mguu kwenye mafuta mapema.

Ukivuka kwenda nchi ya upande mwingine, badilisha pia shingo. Tanzania, Kenya na Uganda, gari la kwanza kukufikia ukiingia makutano hutoka kulia kwako. Rwanda, Burundi au Kongo hutoka kushoto. Hata taa ikikuruhusu, tazama upande huo kwanza. Abiria wa bodaboda anaweza kusema mapema, kabla ya kupanda, kwamba nauli ni ya kusimama mataani.

Serikali zetu zimekwisha kukubaliana lori moja libebe tani ngapi kutoka Mombasa hadi Bujumbura. Hazijashindwa kukubaliana lori hilo lipewe sekunde ngapi za kusimama. Kiwango kimoja cha njano kwenye barabara kuu za ushoroba, kikizingatia mwendo unaoruhusiwa na uzito wa magari yanayopita, kingegharimu kidogo kuliko mizani moja. Kikishawekwa, atakayepita nyekundu hatakuwa na cha kujitetea.