Msisimko na Mtetemo: Istilahi Mbili za Molekuli

Katika matumizi ya kawaida, neno "msisimko" hudokeza mwili kusisimka na damu kwenda mbio. Kwa hiyo msomaji akielezwa kwamba molekuli "imesisimuliwa", hudhani kuwa atomi zake sasa zatetemeka kwa kasi zaidi. Molekuli ya iodini yaonyesha kinyume chake.

Molekuli hiyo ina atomi mbili, mithili ya mizigo miwili iliyofungwa kwenye ncha za springi. Kabla ya kumulikwa, hutetemeka yapata mara trilioni 6.4 kwa sekunde. Leza ya rangi ya kijani au ya manjano inapoimulika, elektroni hupanda ngazi ya juu ya nishati. Muungano wa atomi hulegea, na mtetemo hupungua, ukawa mara trilioni 3.8 hivi. Wataalamu wa spektroskopia hulitambua jambo hili kwa kubadili rangi ya leza kidogo kidogo na kupima mwanga utolewao na molekuli: kila ngazi ya mtetemo hujitokeza kwa kundi lake la mistari.

Basi msisimko ni wa elektroni, na mtetemo ni wa atomi. Mtunga istilahi akiyachanganya maneno haya mawili, atakuwa amefundisha kosa la fizikia kwa Kiswahili fasaha.